Msimbo mmoja kwa Android na iPhone: je, unazitosha boti za Lamu?

"Assalaam alaykum. Mimi ni binti wa Lamu, Langoni. Najua JavaScript, na nimeshatengeneza tovuti za nyumba kadhaa za wageni kule Shela. Ami yangu na manahodha wenzake wanataka programu ya simu ya kuwekea nafasi kwenye boti: Mokowe, uwanja wa ndege wa Manda, Shela, na safari za Faza na Kizingitini. Fundi mmoja wa Mombasa ametwambia ni lazima ziundwe programu mbili mbalimbali, moja ya Android na moja ya iPhone, na bei ni mara mbili. Mwingine akasema hiyo ni njama ya kutula pesa, siku hizi kuna Flutter, waandika mara moja na kazi imekwisha kwa simu zote. Mimi nina laptopu ya Windows, sina Mac. Simu za manahodha ni za bei ndogo na mtandao hukatika njiani. Malipo twataka yawe ya M-Pesa. Je, msimbo mmoja watosha? Nishike kipi, na programu haitakuwa nzito?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Naiona hofu yako. Hutaki kuwatia ami yako na wenzake katika gharama wasiyoiweza, na hutaki pia kuwapa kitu rahisi kitakachowaaibisha gatini mbele ya abiria. Nianze na jibu lenyewe: msimbo mmoja, yaani maandishi yaleyale ya programu kwa aina zote mbili za simu, wakutosha. Fundi wa Mombasa hakusema uongo, na yule wa Flutter amekupa nusu ya habari. Lakini ugumu wa programu yenu hauko kwenye Android wala iPhone. Uko kwenye maji ya Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, na kwenye M-Pesa, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza huyu wa Mombasa. Android ni ya Google, na programu zake asilia huandikwa kwa Kotlin au Java. iPhone ni ya Apple, na zake huandikwa kwa Swift, au Objective-C kwa zile za zamani. Kila mfumo una vitufe vyake, namna yake ya kuomba ruhusa na kanuni zake za kulaza programu isiyotumika. Ukitaka kila upande uandikwe kwa lugha yake, basi ni kweli: skrini ya kuchagua safari itaandikwa mara mbili, hesabu ya nauli mara mbili, na kosa likionekana litatengenezwa mara mbili, mara nyingi na watu wawili wasiozungumza. Benki kubwa humudu mambo hayo. Kikundi cha manahodha hakiyamudu, na sioni sababu ya kujaribu.

Njia za kukwepa kazi hiyo maradufu si za jana. Iliyotangulia kushika ilikuwa kufungasha tovuti ndani ya programu: PhoneGap ilianza mwaka 2008, ikazaa Cordova, na siku hizi wengi wa njia hiyo hutumia Capacitor. Ndani mna dirisha la kivinjari lisilo na upau wa anwani, na kurasa zako za kawaida hufunguka humo. Kwa mtengenezaji wa tovuti kama wewe ingekuwa mteremko. Lakini kwenye simu dhaifu orodha ndefu husuasua, na Apple katika kipengele cha 4.2 cha masharti yake hukataa programu ambayo haizidi tovuti iliyofungwa karatasi mpya.

React Native, ambayo Facebook waliiweka wazi mwaka 2015, ilibadili mpango. Unaandika JavaScript, ila kivinjari hakimo. Ukisema "weka kitufe hapa", agizo linakwenda kwa mfumo wa simu, na kinachotokea ni kitufe halisi cha Android au cha iPhone. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, imechukua njia nyingine kabisa. Lugha yake ni Dart, na haiombi kitufe kwa mtu: ina injini yake ya kuchora, na kila herufi na kila kivuli hukichora yenyewe kwenye skrini tupu. Yaani React Native hupeleka oda jikoni kwa mwenyeji na chakula hutoka na ladha ya nyumba ile, na Flutter huja na mpishi wake na sufuria zake, ladha ni moja kila nyumba lakini mzigo wa kubeba umezidi kidogo. Ndiyo maana programu ya Flutter huonekana vilevile hata kwenye Android ya zamani, na ile ya React Native hufuata sura ya simu, nawe utalazimika hapa na pale kusawazisha kisanduku kilichokaa vizuri upande mmoja na kupinda upande wa pili.

Kuna pia Kotlin Multiplatform ya JetBrains, iliyotangazwa kuwa tayari kwa kazi Novemba 2023. Hiyo hushirikisha hesabu na mantiki, na skrini unaweza kuziacha ziandikwe kiasilia. Ni nzuri kwa kikundi chenye mtu wa Kotlin. Wewe huna, tupite.

Sasa nimrudie yule aliyesema waandika mara moja na kazi imekwisha. Kinachoandikwa mara moja ni skrini, hesabu, mawasiliano na seva na uhifadhi wa taarifa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na ni faida ya kweli. Kinachobaki ni kando za programu, pale inapogusana na simu yenyewe. Arifa za Android hupitia huduma ya Google, za iPhone hupitia huduma ya Apple, na funguo za kuziwezesha ni tofauti. Ruhusa ya kujua mahali simu ilipo huombwa kwa maneno tofauti, na Apple husoma maneno hayo kabla ya kukupitisha. Android ina kitendo cha kurudi nyuma ambacho mtu hutarajia kifanye kazi kila skrini. Kwenye iPhone mtu hutelezesha kidole kutoka ukingoni. Halafu kuna maduka mawili, picha za maonyesho seti mbili, wakaguzi wawili. Kila mwaka Google hudai programu ilenge toleo jipya zaidi la Android. Usipoitikia, wenye simu mpya wanaoitafuta kwa mara ya kwanza hawataiona dukani. Mwambie ami yako mapema kwamba programu ni kama... hapana, mwambie tu kwa shilingi: kila mwaka kutakuwa na gharama ya kuitunza, hata kama hakuna kitu kipya kilichoongezwa.

Na vyombo hivi vyenyewe hufa. Xamarin, chombo kingine cha msimbo mmoja, ilikuwa jina kubwa. Microsoft waliinunua mwaka 2016, na tarehe 1 Mei 2024 wakaacha kuihudumia, waliokuwa juu yake wakaambiwa wahamie kwenye mrithi wake, .NET MAUI. Airbnb nao walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaiacha React Native na kurudi kwenye programu asilia. Watu hupenda kunukuu hilo kama hukumu ya mwisho, wakisahau kwamba Shopify, mwaka 2020, walitangaza kuelekea hukohuko walikotoka wenzao. Kampuni hizo zina mamia ya wahandisi na shida zisizofanana na zako, kwa hiyo usichague kwa kuangalia nani kaingia na nani katoka. Angalia kama chombo kina watu wanaokihudumia leo, na kama wewe unaweza kukisoma kikiharibika usiku.

Kuhusu uzito. Wanaosema programu za msimbo mmoja ni nzito wana kumbukumbu ya kweli, ila ni ya zamani. React Native ya awali ilikuwa na daraja (si Daraja la Safaricom, hilo tutalifikia) ambalo kila ujumbe kati ya JavaScript na simu ulipita ukiwa umegeuzwa maandishi, na ukitelezesha orodha kwa kasi foleni ilijaa. Muundo mpya ulioliondoa daraja hilo umekuwa ndio wa kawaida tangu toleo la 0.76, Oktoba 2024. Kabla ya hapo ilikuja Hermes, injini ya JavaScript iliyobuniwa kwa ajili ya Android zenye kumbukumbu ndogo. Huandaa msimbo wakati wa kujenga faili, ili simu isianze kuusoma upya kila programu inapofunguliwa. Flutter kwa upande wake hugeuza Dart kuwa lugha ya mashine kabla programu haijafika dukani.

Zipo hali mbili zinazowadanganya wengi. Ya kwanza ni kupima toleo la majaribio. Unapoandika, Flutter na React Native huendesha programu katika hali maalumu iliyojaa vifaa vya kukagua makosa, na hali hiyo ni ya polepole kwa makusudi. Mtu huichukua akaifungua kwenye simu ya shilingi elfu nane, akaona inakokota, akatangaza kwamba chombo hakifai. Jenga toleo la kutolea, ndipo uhukumu. Ya pili ni picha. Picha ya boti iliyopigwa na simu nzuri ina megabaiti kadhaa; ukiweka kumi kwenye orodha bila kuzipunguza, hata programu asilia itaanguka kwenye simu ndogo, na abiria atakulaani kwa bando lake. Punguza picha kwenye seva kabla hazijatumwa. Na simu yako ya kupimia iwe ile dhaifu kuliko zote walizo nazo manahodha. Iazime, ikae mezani kwako.

Sasa tufike Mkanda.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba boti ya Faza haiondoki kwa saa ya ukutani. Nahodha hutazama maji. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa kujaa husogea mbele kama dakika hamsini kila siku. Kuna bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na kuna maji mafu, yanaposogea kidogo. Mtengenezaji wa Nairobi akipewa kazi hii ataweka ratiba: Faza, kila siku, saa fulani. Wiki ya kwanza haitaisha kabla ratiba hiyo haijawa uongo. Kwa hiyo safari kwenye hifadhidata yako isiwe na saa moja ya kuondoka. Iwe na kipindi, "kati ya saa hii na hii", na kitufe kikubwa cha nahodha kuthibitisha au kusogeza. Akisogeza, abiria wapate ujumbe mfupi wa kawaida wa simu pamoja na arifa ya programu, kwa sababu arifa huhitaji intaneti na ujumbe mfupi hauhitaji. Kampuni kama Africa's Talking hukupa njia ya kutuma ujumbe huo kutoka kwenye seva yako.

Halafu saa zenyewe. Nahodha akisema saa mbili asubuhi anajua anachosema. Mgeni wa Shela akisoma "2" atafikiri ni saa nane za usiku. Hifadhi wakati kwenye seva kwa namna moja ya kimataifa, kisha uonyeshe kwa jinsi msomaji anavyohesabu: "saa 2 asubuhi" kwa Kiswahili, "8:00" kwa wengine. Nimeona watu wakihifadhi kabisa maandishi aliyoandika nahodha, kisha wakashindwa hata kupanga safari kwa mfuatano. Hesabu hii ya saa ni mfano mzuri wa kitu unachoandika mara moja kikatumika Android, iPhone na kwenye tovuti.

Kukatika kwa mtandao ndiko kunakotenganisha programu ya kuonyesha watu na programu ya kazi. Kanuni ni kwamba simu ya nahodha iwe na nakala yake ya taarifa, katika hifadhidata ndogo ya SQLite iliyo ndani ya simu, na skrini zisome kutoka humo daima. Mtandao ukiwapo, nakala inasawazishwa na seva. Ukikosekana, nahodha bado anaona orodha ya abiria wake. React Native na Flutter zote hufanya hivi bila taabu. Na kwa kuwa watu huuliza: GPS haihitaji intaneti. Simu hujua ilipo hata katikati ya bahari. Isichoweza ni kumwambia mtu mwingine.

Ugumu unakuja viti vinapouzwa pande mbili. Tuseme boti ina viti ishirini na tano. Imetoka Lamu, imefika Mtangawanda, mtandao hakuna, nahodha anapakia abiria watatu waliosimama gatini. Wakati huohuo mtu yuko Mombasa, simu yake inaona viti vitatu vitupu vya kipande cha Mtangawanda hadi Faza, naye analipia vyote vitatu. Vitabu vya uhandisi vina sura nzima za kusuluhisha mgongano kama huo, na karibu zote hazitakusaidia, kwa sababu mgongano wenu ni binadamu sita na viti vitatu. Dawa yake ni ya kibiashara: gawanya viti kabla boti haijaondoka. Seva iuze fungu lake, nahodha abaki na fungu la gatini ambalo hakuna anayeweza kulinunua kwa simu. Fungu hilo liwe kiasi gani ni la kuamuliwa na manahodha wenyewe, na litabadilika siku ya soko na siku za Maulidi.

Jambo jingine dogo lenye uzito: abiria amebonyeza "weka nafasi", mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Je, nafasi imewekwa? Hajui, anabonyeza tena. Kama hukujiandaa, amepata nafasi mbili. Fanya hivi: simu itengeneze namba ya pekee ya ombi kabla ya kulituma, na kila akirudia, namba iwe ileile. Seva ikiiona namba iliyokwisha kuipokea, irudishe jibu lilelile badala ya kuweka nafasi mpya. Ni mistari michache tu ya msimbo. Na nani kawahi, iamue saa ya seva. Saa za simu zetu hazilingani.

Malipo nayo yana mtego wake. Safaricom wana huduma ya watengenezaji iitwayo Daraja, nayo ndiyo itakayokuwezesha kumpelekea abiria dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake. Makosa ninayoyaona mara kwa mara kwa watu wanaotoka kwenye tovuti ni kuweka funguo za siri za Daraja ndani ya programu ya simu. Faili la programu linaweza kupakuliwa na kufunguliwa na yeyote mwenye subira, iwe ni React Native, Flutter au asilia. Ukitumia Expo, seti ya zana za kujengea programu za React Native, jua kwamba kila kigezo kinachoanza na EXPO_PUBLIC_ kinaingizwa ndani ya faili hilo kikiwa wazi. Funguo zikae kwenye seva yako peke yake. Programu iiambie seva "abiria huyu anataka kulipia nafasi hii", seva ndiyo iseme na Safaricom.

Vilevile programu isiamini kwamba malipo yamefika kwa sababu tu dirisha la PIN limeonekana. Safaricom hutuma matokeo kwenye anwani ya seva yako, na namba ya matokeo ikiwa 0 ndipo malipo yamefaulu. 1032 ni kwamba mteja ameghairi. 1037 ni kwamba simu yake haikupatikana, na hii ya mwisho mtaiona sana mkiwa mbali na mnara. Matokeo yakichelewa, seva iulize yenyewe. Nafasi iwekwe kando kwa dakika chache, kisha iachiwe. Anza na mazingira ya majaribio ya Daraja. Ili kuingia kwenye pesa halisi mtahitaji namba ya Paybill au Till. Kwa upande wa Apple usiogope: nafasi ya boti ni huduma inayotolewa nje ya simu, na masharti yao hayakulazimishi kupitisha malipo ya aina hiyo kwenye mfumo wao na kukatwa fungu.

Kuhusu Mac. Faili la iPhone hujengwa na Xcode, na Xcode haiendi popote ila kwenye kompyuta za Apple. Lakini Mac hiyo si lazima iwe yako. EAS ya Expo na Codemagic hukodisha kazi hiyo: unapeleka msimbo kutoka Windows, wao wanajenga na kukurudishia faili. Usichoweza kukikwepa ni iPhone ya kupimia. Wakati wa kuandika unaweza kusakinisha Expo Go kwenye iPhone ya rafiki, ukaonyesha kamera mchoro wa QR, na programu yako ikafunguka humo. Ada ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Ya Google ni dola 25 mara moja tu. Google wana sharti lao pia: akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima iwe na wapimaji angalau 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla programu haijaruhusiwa kwa umma. Manahodha wenyewe na watoto wao wanatosha. Kama kikundi kimesajiliwa, fungueni akaunti ya shirika, ambayo haina sharti hilo la wapimaji ila hudai namba ya utambulisho iitwayo D-U-N-S.

Basi nishike kipi, umeuliza. Ningekuwa wewe ningeshika React Native pamoja na Expo, kwa sababu moja: JavaScript unayo tayari, na muda ambao ungeutumia kujifunza Dart utautumia kwenye fungu la viti na matokeo ya M-Pesa, ambako ndiko pesa za watu zitapotelea. Flutter si duni. Kama ungekuwa unaanza bila lugha yoyote, au kama programu ingekuwa na michoro mingi inayotembea, ningesita. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba sehemu iliyoandikwa kwa JavaScript unaweza kuirekebisha na kuituma moja kwa moja kwenye simu za watu bila kungoja wakaguzi wa maduka, mradi hukubadili lengo la programu wala hukugusa sehemu zake asilia.

Ila nina neno ambalo huenda ami yako hatalipenda. Usianze na iPhone. Mgeni anayekaa Shela siku tatu hatapakua programu ili avuke mara moja kwenda Manda kupanda ndege. Mpe ukurasa wa tovuti uliobandikwa QR yake mapokezi ya nyumba ya wageni, na hizo nyumba tayari ni wateja wako. Programu ya kupakua iwe ya manahodha na ya abiria wa kila wiki wa Faza, Siyu na Kizingitini, na hao wengi wao wako Android. Hesabu ya nauli, ukaguzi wa viti na zile namna mbili za kuonyesha saa ziandike kama kifurushi kimoja cha JavaScript, tovuti na programu zikitumie zote mbili. Siku mkiona iPhone inahitajika kweli, skrini zenu zitakuwa zimeshaandikwa, mtalipa ada na kushughulikia zile kando nilizozitaja. Kwa hiyo yule fundi wa Mombasa mrudieni, maana huenda ni hodari, lakini mwulizeni bei ya seva na M-Pesa peke yake. Akishindwa kuitenga na bei ya programu, hajaifikiria.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza ya abiria, mtu mwenye uzoefu wa malipo aketi nawe akague seva, mstari kwa mstari. Kama Lamu humpati, watu wa Swahilipot Hub pale Mombasa wanaweza kukuelekeza. Majina, namba za simu na hasa namba za pasipoti za abiria zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi ya Kamishna ina kanuni za nani ajisajili. Mwoneni wakili au iulizeni ofisi yenyewe, na pasipoti kama haihitajiki msiiombe kabisa. Akaunti za maduka, jina la tovuti na namba ya Till ziandikwe kwa jina la kikundi, si lako wala la fundi. Hilo liandikeni na kulitia saini mkiwa bado mnapendana.

Na mtu akipendekeza kitufe cha kuomba uokozi baharini, kataa. Simu za bei ndogo hulaza programu ili kuokoa betri, na mahali boti inapopata shida ndipo mtandao usipokuwapo. Hiyo ni kazi ya redio na ya maboya, na mtu wa kuzungumza naye ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya au Walinzi wa Pwani. Programu yako iuze viti na kumwonyesha nahodha nani yumo ndani. Skrini yake iwe na herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe. Ipeleke gatini saa sita mchana, jua likiwa juu, umpe nahodha mwenye macho mabovu kuliko wote asome majina.